Siku Nilipomfungia Shemeji Maji

Leo maji yamefika shamba la mwisho. Naandika nikiwa na tope kwenye kucha, na moyo haujatulia bado.

Hii ndiyo wiki yangu ya kwanza kugawa maji ya mfereji wetu hapa Mahoo. Waliponichagua mkutanoni niligeuka nyuma, nikidhani anaitwa mwanamke mwingine. Shule niliachia njiani, na kazi hii siku zote ilikuwa ya wanaume. Mzee aliyeiacha kwa sababu ya magoti alikuwa anatukana watu, lakini niseme haki: wakati wake maji yalifika.

Wakati wangu hayakufika. Kwa kuogopa kuambiwa napendelea, niliwafungulia watu wote pamoja, kila shamba kidogo kidogo. Nikajiona nimetenda haki kweli. Kumbe ardhi kavu iliyanywa yote njiani. Wa juu walilowesha udongo tu, wa chini hawakupata hata tone. Jana mama wa shamba la mwisho, mjane anayepeleka ndizi Voi, alinipigia simu.

"Dada, migomba yangu inakufa nikiiangalia. Kesho yasipofika, mimi mwenyewe nitaomba mzee arudishwe."

Sikumlaumu. Hata mimi ningeomba.

Dawa niliijua: kufunga mashamba yote ya juu, maji yaende shamba moja moja, tukianzia chini. Nilichokosa ni ujasiri. Na shamba la juu kabisa ni la shemeji yangu, kaka ya mume wangu.

Asubuhi, mashamba mengine ya juu nikiwa nimeshayafunga, alinikuta nimeziba mdomo wa mtaro wake kwa kipande cha mgomba, nakandika udongo.

"Shemeji, unanifungia mimi?"

"Nakufungia. Zamu yako ni jioni."

"Kwani hii kazi ulifundishwa na nani?"

Swali hilo nilikuwa nimelala nalo usiku kucha. Mkono wangu ukashika kile kipande cha mgomba, tayari kukitoa na kuomba msamaha. Ndipo nikasikia maji. Yalikuwa yamebadilisha sauti. Yanakimbia!

"Sikufundishwa," nikasema. "Lakini usiguse hapa."

"Haya! Mke wa ndugu yangu amekuwa chifu!" Alicheka sana. Lakini hakugusa, na hilo pia lazima niliandike.

Nilitupa ganda jekundu la ua la mgomba ndani ya maji nikalifuata, leso kiunoni, gambuti zikinipiga miguu. Likikwama, nalisukuma kwa jembe. Watu wakasimama mashambani kunitazama.

"Mama maji, unafukuza nini?"

"Kazi yangu!" nikawajibu, nikihema.

Huko chini mjane alikuwa amesimama mtaroni bila viatu. Lile ganda likamgusa mguu, maji yakampita, yakaingia kwenye migomba yake. Akapiga kigelegele hadi mbwa wakabweka. Nami nikapiga changu, sikuweza kujizuia.

Pengine leo mto ulikuwa na maji mengi tu. Sijui. Lakini jioni nilipopanda juu, shemeji alikuwa ameketi kando ya mtaro wake, jembe mapajani. Kile kipande cha mgomba kilikuwa palepale nilipokiacha.

"Naweza kufungua sasa?" akauliza.

Niligeuka nyuma kidogo, kama siku ile ya mkutano. Hapakuwa na mtu.

"Fungua," nikamwambia.