Mikono Miwili, Mchezaji Mmoja

"Sio kamari, mama. Kamari ni ya hela. Hapa kuna hela gani?"

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye kichanja cha kahawa, anatoa punje mbovu na kuzitupa chini. "Karata ni karata. Tena zimejaa miungu. Watu wa jumuiya wakija kusali Alhamisi wakakuta hayo mazimwi, nitawaambia nini?"

Nikamwambia ni hadithi za kale za Wagiriki, siku hizi hakuna anayewaabudu hao. Akaguna tu.

Lile boksi la karata dada alilinunua mtumbani Kikatiti, kabla hajaenda chuo cha misitu Olmotonyi. Kila mtu anapewa karata tano. Unaokota moja, unatupa moja, mpaka upate miungu mitano ya ukoo mmoja. Anayewahi anagonga meza na kuhesabu pointi zake. Raundi inaisha hata chai haijapoa. Mimi sina subira, nilikuwa nakimbilia Zeus, mungu wa radi, kwa sababu ana pointi nyingi. Dada anakusanya miungu midogo midogo kimya kimya, mara ko! kagonga, mimi bado nasubiria radi.

"Pole, mdogo wangu. Zeus wako kakwama njiani."

Tangu aondoke nacheza mikono yote miwili. Nacheza upande huu, nazunguka meza, nacheza upande ule, najifanya sijui nimeshika nini kule. Nikigonga hakuna anayeshtuka.

Jumamosi hiyo alikuwa aje. Nilifagia sebule, nikachanganya karata tangu asubuhi. Saa nane akapiga simu: haji, wanapelekwa msituni kwa mafunzo. "Ila mchezo wetu nimewafundisha wenzangu wa chumbani! Tumechora karata zetu wenyewe kwenye manila. Wanaupenda kweli."

Nikasema sawa, nikakata. Nilikuwa nasubiri aseme amenimisi.

Ndipo nikabeba karata mpaka kichanjani kwa mama, na ule ubishi wa kamari ukaanzia hapo. Mwishowe mama akanyoosha shingo, akachungulia karata.

"Huyu mwenye moto ni nani?"

"Hestia. Anatunza jiko la nyumbani."

"Ana pointi ngapi?"

"Moja."

"Moja! Na hao wa radi nani anawapikia?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Nikampa ile karata. Akaifuta vumbi kwa kanga, akaitazama sana, akanirudishia. "Mimi nina kazi," akasema, akarudi kwenye punje zake. Anaokota, anatupa, anaokota, anatupa. Vidole vyake vina kasi kuliko vya dada.

Sikumwomba acheze. Namjua, angekataa papo hapo, na mimi ningenuna mpaka Jumatatu. Nikaamua kivyangu: kesho asubuhi, tukishaanika kahawa, kabla hatujajiandaa kwenda kanisani, nitatandika gunia kando ya kichanja. Nitagawa mikono miwili. Halafu nitakaa upande mmoja tu, nisubiri.