Kinachobaki na Kinachoisha

Siku hizi nafundisha watoto wa majirani hesabu kwenye veranda ya mama yangu, huku Kianyaga, na mtu akiniuliza kwa nini niliacha ile shule ya upande wa Endarasha, humwambia ni baridi. Baridi ya kule ni kali, hapo sidanganyi. Lakini baridi haikunitoa mimi kazini. Nilitolewa na unyoya wa kuku na mdomo wangu mwenyewe.

Kazi ile niliipata baada ya miaka miwili ya kuzunguka na vyeti kwenye bahasha. Ilikuwa shule ya binafsi, chini ya kanisa, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila Oktoba unakaa ukingoja kuitwa ofisini, na hujui kama unaitwa kupewa barua mpya au kuambiwa kwaheri. Kwa hivyo mwalimu mkuu, mama mmoja mkali anayejua jina la kila mzazi, aliposema kila mwalimu awe na kilabu cha Ijumaa alasiri, sikubishana. Soka ilikuwa na mwenyewe, kwaya nayo ilikuwa na mwenyewe. Nikasema nitafungua kilabu cha michezo ya mezani, naye akaandika kwenye daftari lake "drafti" akaendelea na mambo mengine.

Haikuwa drafti. Ulikuwa mchezo nilioupenda tangu chuoni: mmoja anasimulia safari, wengine ni mashujaa ndani ya ile safari, na dadu ndizo zinazoamua nani ameruka mto na nani ameanguka. Chuoni nilikuwa nachagua askari kila siku, maana askari kazi yake ni kupiga tu. Mambo ya uchawi yalinishinda. Sheria zake ni nyingi kuliko za barabarani. Sasa ilibidi nizielewe, kwa sababu msimulizi ndiye hakimu. Nikachapisha kurasa zake kwenye saiba moja, duka la kompyuta, mjini Nyeri, nikazisoma wikendi nzima na biro mkononi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Nilichoelewa ni hiki. Mchawi wa mchezo hana nguvu bila kikomo. Ana nafasi chache kwa siku, na akizimaliza, ni mpaka alale. Tena kila uchawi una masharti matatu: maneno unayotamka, ishara unayofanya kwa mkono, na kifaa unachokishika. Vifaa vingine unavitumia na vinabaki, vingine vinaisha palepale. Kilabu kilikuwa na wanafunzi sita, na ni mmoja tu aliyetaka kuwa mchawi, msichana wa gredi ya saba ambaye mama yake anauza viazi pale sentani, kwenye vibanda vya soko. Wengine wote walitaka panga.

Huyo msichana alikuwa na swali moja, na aliliuliza mpaka wenzake wakaanza kumtania nalo. "Mwalimu, hiyo inabaki ama inaisha?" Alichora jedwali nyuma ya daftari lake la Sayansi, kwa rula, safu tano: jina la uchawi, maneno, ishara, kifaa, na ile ya mwisho, inabaki ama inaisha. Nilipoona hilo jedwali nilifurahi, wacha tu. Katika ile shule nzima nilikuwa nimepata mtu anayependa sheria kama mimi.

Shida ni kwamba kitabu kilitaka vitu vya ajabu. Mavi ya popo. Kaharabu, yale mawe ya njano ya shanga. Kaharabu utaipata wapi Endarasha? Nikawaambia tubadilishe, tutumie vitu vya nyumbani. Uchawi wa kuelea hewani ukapewa unyoya wa kuku. Wa kujificha ukawa jivu la jikoni. Wa kumtafuta mtu aliyepotea ukawa uzi kutoka kwa nguo yake. Naapa nilijiona mjanja.

Ijumaa moja mashujaa wetu walikuwa wakivuka korongo juu ya daraja la kamba, na daraja likakatika. Msichana akaruka kwenye kiti. "Naelea! Nawaelesha wote!" Alitamka maneno, akafanya ishara. Nikamuuliza kifaa kiko wapi.

"Unyoya."

"Uko wapi?"

"Si ni wa kuwaza tu, Mwalimu?"

"Huna kifaa, hakuna uchawi," nikamwambia. "Kitabu ndicho kinasema."

Walianguka wote sita. Askari wa mvulana mmoja mkubwa akafa, na yule mvulana akamwambia msichana, "Ona sasa, wewe ni bure kabisa." Msichana hakulia. Alikaza meno, akanitazama, na nikaona machozi ya hasira yamesimama machoni bila kuanguka. Ningeweza kulegeza. Ni mchezo, jamani! Lakini mimi ni mtu nikishasema, nimesema. Nikawaambia wote: kuanzia wiki ijayo, anayetaka uchawi alete kifaa chake, nikione kwa macho.

Wiki iliyofuata alikuja na kifuko cha kitambaa, ameshona mwenyewe. Ndani mlikuwa na unyoya mweusi, jivu limefungwa kwenye karatasi, jino la mbuzi, na uzi wa kijani kibichi. Nilikiinua kile kifuko mbele ya darasa. "Huyu," nikasema, "ndiye peke yake anayeelewa." Alitabasamu mpaka akaficha uso kwenye kola ya sweta.

Ilipita Ijumaa tatu hivi, tamu kuliko zote nilizofundisha. Kisha Jumamosi moja mama yake akatoa magodoro nje yaote jua. Chini ya godoro la binti yake akakuta kile kifuko, na ndani yake unyoya wa kuku mweusi, jivu, jino, na uzi uliotolewa kwenye pindo la sweta yake mwenyewe, ile anayovaa sokoni. Mzazi gani wa huku kwetu ataona hayo aseme ni mchezo? Uzi wa nguo yako, chini ya godoro! Hata mimi ningepiga nduru. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa shule, ambaye ni mzee wa kanisa.

Jumanne saa nane niliitwa ofisini. Ilikuwa Oktoba. Kwenye meza ya mwalimu mkuu niliona faili langu, na juu ya faili kile kifuko na daftari la Sayansi. Mwenyekiti alikuwa ameketi na kofia yake gotini, mzee anayefuga ng'ombe wa maziwa, mpole. Mama wa msichana alikaa kando pamoja na binti yake, amevaa ile sweta yake ya kijani, pindo limefumuka.

"Tuanze na maombi," mwenyekiti akasema. "Mwalimu, tuongoze."

Niliomba. Sijui nilisema nini. Niliposema amina, sauti ya mama haikusikika.

Mwenyekiti akafungua daftari kwa nyuma. "Hii ni nini umefunza watoto?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nikiri, kwa sababu woga hunifanya niongee kama redio. Nikasema ni hadithi, dadu, hesabu za kujumlisha. Nikamweleza zile nafasi za siku. Mzee akakuna kidevu.

"Ni kama ng'ombe," akasema. "Ukishakamua asubuhi, hata ukivuta namna gani, hakuna. Mpaka jioni."

"Ndiyo, mzee. Hivyo kabisa."

Mwalimu mkuu karibu acheke. Nikaona mlango umefunguka kidogo, na nafsi yangu ikakimbilia huko. Mama ndiye aliyeufunga.

"Hiyo ya ng'ombe sawa," akasema. "Lakini ni nani aliambia mtoto wangu atoe uzi kwa nguo yangu? Niambieni tu hivyo."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, ni wewe ulisema walete hizi vitu?"

Nilitazama lile faili. Niliona bahasha ya vyeti, ile miaka miwili, viti vya kungojea vya ofisi zote nilizowahi kukaa. Msichana alikuwa amenyanyua kichwa, ametulia kabisa, ananingoja nieleze ile sheria jinsi nilivyoieleza darasani.

"Hapana," nikasema. "Nilisema waandike. Sikusema walete."

Mwenyekiti akamwinamia. "Ni ukweli, msichana?"

Alinitazama. Akatazama pindo la sweta ya mama yake. Kisha akaangalia chini.

"Nilileta mwenyewe."

Wale wengine watano hawakuitwa. Faili langu lilifungwa, nikaambiwa kilabu kimeisha na barua yangu ya mwaka mpya ingekuja. Yeye aliambiwa akae nyumbani wiki mbili. Siku aliyorudi, pasta aliletwa kwenye paredi, msichana akasimamishwa mbele ya shule nzima, kichwa chake kikawekewa mkono, akaombewa atoke kwenye njia mbaya. Yule mvulana wa askari aliyekufa alikuwa akicheka ndani ya kiganja. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa walimu, macho nimeyafumba, sababu kila mtu alikuwa ameyafumba. Niliona aibu, na sikusogea hata hatua moja.

Jioni hiyo nilizitoa zile kurasa za Nyeri nizichome. Nikaanza kuzisoma badala yake, na nikaona namba za kurasa zimeruka. Yule wa saiba alikuwa amesahau moja. Niliitafuta kwenye simu. Imeandikwa waziwazi: mchawi akiwa na mfuko wake, vitu vidogovidogo vinahesabiwa kuwa vimo, hahitaji kuonyesha chochote. Na kifaa hakiishi, isipokuwa sheria ya uchawi huo iseme kwamba kinaisha.

Hakuwa na haja ya unyoya. Pale darajani, alikuwa amenijibu sawasawa. Ni wa kuwaza tu, Mwalimu.

Hata hapo sikusema. Niliamka, nikafundisha, nikala ugali wa shule. Wiki ikaisha. Alikuwa akijibu maswali yangu ya Sayansi nikimtaja, "ndiyo, Mwalimu," "hapana, Mwalimu," macho kwenye dawati. Hakuuliza swali lolote tena.

Ijumaa, saa ile ya kilabu, nilikuwa nasahihisha madaftari peke yangu darasani. Lake lilikuwa katikati ya rundo. Kazi yake ilikuwa safi, usanisinuru, alama zote. Nikafunua nyuma. Kurasa za jedwali zilikuwa zimechanwa kama alivyoagizwa, ila ukurasa mmoja wa mwisho ulikuwa umechorwa upya, kwa rula, safu tano, na mstari mmoja tu.

Jina: Kuokoa Mwalimu.

Maneno: Nilileta mwenyewe.

Ishara: Kuangalia chini.

Kifaa: Mimi.

Na katika ile safu ya mwisho: Inaisha.

Nilikaa na biro nyekundu mkononi. Nilitafuta kosa, kweli nilitafuta. Maneno yalikuwepo, ishara ilikuwepo, kifaa kilikuwepo na nilikuwa nimekiona kwa macho. Kwa sheria nilizomfundisha mimi, alikuwa amepata yote. Nililia pale, mtu mzima, juu ya madaftari ya watoto.

Shule ile ina desturi moja: daftari likishasahihishwa huenda nyumbani wikendi, mzazi anasoma alichoandika mwalimu, anatia sahihi chini, na Jumatatu linarudi. Wazazi wengine hutia sahihi bila kuangalia. Mama wa viazi alikuwa anasoma kila neno. Nishawahi kuletewa daftari kwa sababu nilijumlisha vibaya.

Nilikata neno "Inaisha." Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa, ili mtu asome bila miwani: "Kosa ni la mwalimu. Mimi ndiye niliyewaambia walete vitu. Mbele ya mwenyekiti nilisema uongo." Nikatia sahihi yangu na tarehe. Nikalirudisha daftari katikati ya rundo haraka, kabla woga haujanipata, nikampa kiranja agawe.

Sikulala vizuri siku zile mbili. Jumatatu nilipofika, mama alikuwa langoni kabla ya kengele, amevaa ile sweta. Pindo alikuwa ameliziba kwa uzi mweupe, pengine hakupata wa kijani. Daftari lilikuwa kifuani, amelikumbatia kwa mikono miwili. Nilitegemea matusi. Ningeyapokea.

"Mwalimu," akasema, "ile siku niliuliza."

"Ndiyo, mama."

"Niliuliza kitu moja tu. Na mtoto wangu akiniambia nyumbani ati ni mwalimu alisema, nilimchapa. Nikamwambia mwalimu hawezi danganya."

Alinipita akaelekea ofisini na daftari lake, na kengele ya paredi ikalia.

Nilikwenda kusimama kwenye mstari wa walimu, kwa mara ya mwisho, nilijua hivyo. Gredi ya saba walikuwa mbele yetu. Msichana alikuwa amemwona mama yake akiingia ofisini, na sasa alinitazama mimi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne. Hakutabasamu. Watu walipofumba macho kwa maombi, yeye hakufumba, na mimi sikufumba.