Kidonda Hakishibi Uji

Siku ile naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu. Nilikuwa kijana wa kuchimba mawe timboni, huku Kilifi, mwili mgumu kama mpingo. Nikapasuliwa mshipa wa ngiri, nikarudishwa nyumbani na kidonda kibichi, na daktari kaniambia wazi: kula vizuri upone.

Nyumbani nikakuta sheria nyingine. Shangazi yangu Kadzo, aliyeniuguza, alikuwa na miiko mingi kuliko sufuria. Samaki atonesha. Yai latunga usaha. Kunde zafutusha kidonda. Basi asubuhi uji mwepesi, mchana uji, jioni chai ya rangi. Na alinipenda, ndiyo ajabu yenyewe! Angenichukia, labda ningepata hata dagaa.

Kidonda kikakataa kufunga. Suruali ikawa yanivuka. Kila nikienda kusafishwa muuguzi aguna, nami nawaza: sururu ikinishinda, mimi niliyetoka shule hata jina langu naliandika kwa jasho, nitaishije?

Ndipo akaja Hawe, nyanya yangu, kutoka Rabai. Akanitazama, akachungulia kikombe changu.

"Kadzo, huyu wamuuguza au wamwandalia sanda?"

"Mama, vyakula vingine ni mwiko kwa aliyepasuliwa."

"Mwiko niujuao mie ni huu!" Akauchomoa mwiko wa kusongea sima, akamwelekezea. "Ukuta umebomoka, fundi umemwita, mawe humpi, chokaa humpi. Azibe kwa mate?"

Jioni ile nikala samaki changu wa nazi na kunde. Nikalala nimeshika bandeji, nangoja kidonda kitumbuke. Wapi! Kikaanza kuota nyama, polepole, hata nikarudi timboni. Nyumba hii uionayo ni mawe ya mkono wangu.

Sasa juzi mkaza mwanangu kapasuliwa kujifungua, pale hospitali ya Malindi. Nafika, naona uji ule ule, na vijana wamemzunguka na simu zao, wote wajuzi! "Babu, mayai yaharibu mshono." Nani kawaambia? Daktari yuko chumba cha pili, hakuna aliyemuuliza. Shule zote hizo! Nikawaambia, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia ni nyinyi, guu ni la mgonjwa.

Basi nisikize, mwanangu. Ukipangiwa kupasuliwa, anza kula vyema mapema, usiende kule umekonda kwa hofu. Wakikwambia funga, funga, hata tonge la kuiba usile. Ukishatoka, anza pale daktari atakaposema, kidogo kidogo, kisha kula vya kujenga mwili: samaki, yai, maziwa, pojo, mboga, chungwa. Una sukari, una figo? Waulize wao, si shangazi. Na ukiuguza mtu, upendo wako uonekane sahanini.

Mungu akuepushe na kisu. Kikikufika, akujaalie daktari mwenye mkono mwepesi, na ndugu wanaouliza kabla ya kukataza. Amina.