Komeo la Bafuni

Mtaani wanamwita Mama Pazia, maana kazi yake ni kushona mapazia, na hakuna dirisha la jirani ambalo hajalisitiri. Kwake, lakini, mlango wa bafuni haukufungika. Komeo liligoma kuingia tunduni, mumewe akalitwanga nyundo, likapinda. Tangu hapo waliishi kwa kukohoa. Aliyemo akisikia nyayo, anakohoa, anayekuja anageuka. Walikohoa hivyo mwaka mzima, wala hawakuona taabu.

Kisha baba mkwe akaja kukaa nao, mzee mpole na msafi, ila masikio yake yalikuwa yameshastaafu. Siku moja alisukuma mlango Mama Pazia akiwa ndani, mwili mzima povu. Mkwewe alikohoa hadi koo likakauka, mwishowe akauzuia mlango kwa mguu. Hakuna aliyeona kitu, lakini aibu haihitaji macho.

Toka siku ile mzee hakumtazama usoni. Baya zaidi, aliacha kunywa chai yake. "Nimeshiba, mwanangu," husema, na kulisogeza birika mbali. Hata maji alilowesha midomo tu. Mwisho akatangaza kwamba Jumamosi anarudi kwake. Mama Pazia ilimuuma kwelikweli. Hakuwahi kumjua baba yake mzazi, na huyu alikuwa ameanza kumzoea kama baba.

"Tengeneza komeo," alimwambia mumewe.

"Kesho, mke wangu, asubuhi na mapema."

"Hiyo kesho yako haina miguu? Mbona haifiki?"

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ijumaa, mumewe alipotoka tu, Mama Pazia alilinyoosha komeo kwa koleo, akalipaka ncha chaki yake ya kushonea, akafunga mlango na kulisukuma. Alama ya chaki ilitua chini ya tundu, upana wa kidole. Alicheka peke yake. Komeo lilisingiziwa bure. Mlango ndio ulioshuka, kama suruali isiyo na mkanda. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zinacheza ndani ya mbao. Akazitoa, akashindilia njiti za kiberiti kwenye matundu, akauinua mlango kwa kabari, akazikaza upya mpaka kiganja kikamuwaka. Safari hii komeo likaingia lenyewe.

Alipogeuka, mzee alikuwa amesimama nyuma yake, taulo begani.

"Limepona?"

"Limepona, baba!" alijibu kwa sauti. "Jaribu!"

Mzee akaingia, akafunga. Kwa kuwa hakuweza kusikia komeo likiingia, aliutikisa mlango kutoka ndani, mara moja, tena na tena. Kisha maji yakaanza kumwagika, yakamwagika kwa muda mrefu. Mama Pazia akarudi kwenye cherehani yake.

Mzee alipotoka, alikaa mezani, akalivuta birika mwenyewe. Akanywa kikombe, akajimiminia cha pili.

"Chai yako tamu, mwanangu," alisema akimtazama usoni. "Nilikuwa naogopa kuinywa. Kinachoingia lazima kitoke, na mlango ule nilishauogopa."

Machozi yalimlenga Mama Pazia. Kumbe kiu yote ile ilikuwa ya kumstahi yeye.

"Na safari, baba? Si ndiyo kesho?"

"Ndiyo, kesho," mzee akasema, akisogeza kikombe kijazwe. "Kesho ya mumeo."