Mtunza Maleba na Mwalimu wa Istilahi

Annastella Kokubanza alimdharau Mwalimu Rugambwa tangu wiki ya kwanza, siku alipoingia stoo ya maleba, akashika vazi la lubugo, nguo ya magome ya mti, kwa ncha za vidole na kuuliza kama ni zulia. Lilikuwa vazi la mfalme. Annastella mwenyewe ndiye aliyelishona, na lilikuwa limevuka kwa boti kwenda visiwa vya Muleba na kurudi, mara nyingi kuliko vitabu alivyosoma mwalimu huyo. Alilitoa mkononi mwake, akalikunja.

Alizaliwa Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, akaishia darasa la saba. Akiwa na miaka kumi na sita aliingia kikundi cha parokia kilichoigiza Mateso ya Bwana kila Ijumaa Kuu, akapewa kazi ya kushona kanzu za askari. Baadaye wafadhili walikichukua kikundi kile, kikawa kinazunguka mialoni kuigiza habari za ukimwi mbele ya wavuvi waliochoka, watu wasiomvumilia mwigizaji mbovu hata dakika mbili. Huko ndiko alikoijua kazi. Alijua kwamba mwigizaji akiwapa mgongo watazamaji, wanaanza kuulizana bei ya dagaa. Alijua kwamba pazia la shuka moja halifichi kitu jua likiwa nyuma yake. Kwa miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya pazia kama hilo, mchezo wote ukiwa kichwani, akimnong'oneza kila aliyesahau. Wafadhili walipoondoka kikundi kikafa. Akapata kazi ya kutunza stoo ya chuo kimoja cha ualimu Bukoba, akapanga chumba Rwamishenye.

Rugambwa alikuja chuoni na karatasi sita zenye istilahi mia na ishirini za tamthilia, akawataka wanafunzi wazikariri kama katekisimu. Annastella aliwasikia kupitia ukuta wa mbao.

"Uzungumzi nafsi ni nini?"

"Ni mhusika kusema peke yake jukwaani, akiyatoa ya moyoni mwake."

"Mandhari?"

"Ni mahali na wakati wa tukio."

Majibu yalikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Darasa zima lilijua jina la kila kitu cha jukwaani, lakini hakuna aliyeweza kuingia jukwaani bila kujikwaa.

Isipokuwa Sayi. Huyu alikuwa binti wa mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, aliyekua akiita watu walio ndani ya mitumbwi. Sauti yake ilifika popote bila yeye kupiga kelele. Ndiye aliyepangwa kuwa mhusika mkuu katika mchezo wa mashindano ya vyuo, lakini katika mtihani wa istilahi alipata kumi na moja kati ya mia na ishirini.

"Nitamtoa," Rugambwa alisema. "Mhusika mkuu hawezi kuwa mtu asiyejua mandhari ni nini."

"Waitu, Mwalimu, ukimtoa, wa viti vya nyuma watasikia nini?"

"Watamsikia aliyefaulu."

"Aliyefaulu anaongea kama yuko kitubioni."

Mwalimu alinuna siku mbili, kisha akamwacha Sayi. Ila alitangaza kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa mwongozaji na pia mkumbushaji wa watakaosahau maneno, maana mkumbushaji, alisema, lazima awe mtu aliyesoma.

Mashindano ya vyuo yalifanyika Jumamosi mchana, katika ukumbi uliojaa. Sayi aliigiza mjane anayefukuzwa na mashemeji kwenye kibanja cha marehemu mumewe. Onyesho la tatu alibaki peke yake jukwaani, akafungua mdomo, na maneno yakamkimbia.

Rugambwa alikuwa pembeni, amekaa kwenye kigoda, andiko likiwa limefunguliwa ukurasa ule ule. Alichotakiwa kufanya ni kusoma mstari mmoja.

"Uzungumzi nafsi," akanong'ona.

Sayi akamtazama bila kuelewa.

"Uzungumzi nafsi, wewe. Hapo ni uzungumzi nafsi."

Sayi, kwa utii, akawageukia watazamaji na kusema kwa sauti ile iliyofika hadi mlangoni, "Uzungumzi nafsi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Annastella, aliyekuwa upande wa pili na kapu la maleba, alimwangalia Rugambwa akipekua kurasa kwa hofu, na kusema kweli alifurahi. Kisha akaona Sayi anaanza kurudi nyuma. Mchezo huu nao alikuwa ameushika kichwani, kwa kuwasikia wakifanya mazoezi. Akasogea hadi ukingo wa pazia, akautuma mnong'ono wake kwa sikio moja tu.

"Mume wangu nilimzika kwa mikono hii."

Sayi akaudaka. Akaitazama mikono yake kwanza, taratibu, ndipo akasema. Watu wakaacha kutafuna karanga.

Walishika nafasi ya pili. Rugambwa alipewa nafasi ya kusema, akashukuru kila mtu hadi dereva, akaeleza kwamba mafanikio yale yametokana na msingi imara wa istilahi. Annastella alikuwa nyuma akikunja nguo.

Jumatatu mwalimu alikuja stoo na kalamu.

"Mama Annastella, ile mbinu ya kumnong'oneza mtu mmoja na ukumbi usisikie, inaitwaje?"

"Haina jina."

"Lazima ina jina."

"Basi ipe wewe."

Akaanza kuandika kweli. Annastella alimtazama akiandika. "Mwalimu, umewahi kusimama jukwaani?"

Kalamu ikasimama. "Hapana," alisema. "Sisi tulifanya nadharia."

Annastella alikuwa amelijua hilo muda mrefu. Hakutegemea tu kwamba angelikiri.

"Kesho saa kumi njoo ukumbini," alisema. "Uache karatasi."

Alikuja. Karatasi alikuwa ameikunja mfukoni mwa shati, na ilionekana. Alilivuka jukwaa akiangalia viatu vyake, kama mtu anayepita kwenye tope la shamba la jirani.

"Rudi," Annastella alisema. "Macho kwenye mlango ule."

Alivuka mara tisa. Mara ya tisa hakuangalia chini, ila mikono aliibana kama amebeba trei.

"Bado vibaya," alimwambia, akaenda kufunga stoo.