Ukuta wa Gaynor Tickner

Gaynor Tickner alikuwa na barometa ambayo kwa miaka kumi na mitano haikuwahi kutundikwa popote. Ilikuwa ya marehemu baba yake, ya mbao nyeusi yenye uso wa shaba, na mzee alipokuwa hai ilining'inia ukumbini kwake mjini Gillingham. Kila asubuhi aliigonga kwa kidole kabla ya kuvaa koti, akautazama mshale, kisha akatangaza hali ya hewa kana kwamba ndiye aliyeipanga. Alipofariki, Nigel, kaka mkubwa, alirithi zana. Gaynor akarithi barometa. Akaifunga kwenye blanketi, akaitia sandukuni, na tangu hapo ilihama naye kutoka nyumba hadi nyumba bila kuona mwanga.

Sababu ni msumari. Kwetu mpangaji hapigi msumari. Ukipiga, siku ya kuondoka mwenye nyumba atapita na tochi, ataliona tundu, na amana yako itamegwa. Wako wanaopiga hivyo hivyo, kisha siku ya kuhama wanaziba tundu kwa dawa ya mswaki na kumwachia Mungu. Gaynor alijaribu mara moja tu, tena kwa ajili ya kalenda. Kwa bahati mbaya dawa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kijani, ukuta ukatoka na doa linalonukia mnanaa. Mwenye nyumba aliinama, akanusa, akamtazama, akakata pesa yake. Tangu siku hiyo Gaynor hakuchomeka ukutani hata pini.

Msidhani alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Alikuwa mpishi katika shule moja ya msingi pale Chatham, na jikoni kwake hata mwalimu mkuu alibisha hodi. Lakini mbele ya wenye nyumba alinywea kama paka aliyenyeshewa. Kuna mwaka mtambo wa kupasha maji na kutia nyumba joto ulikufa katikati ya Januari, kwenye baridi kali. Aliandika ujumbe: "Samahani sana kwa kukusumbua, wala si haraka." Yeye na binti yake Keeley wakalala na kofia za sufu kwa siku nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Alijua alichokuwa akikifanya. Mpangaji anayelalamika hutafutiwa sababu, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa mwenye nyumba wa mwisho alikuja Februari, ameshika keki ya limau. Watu wetu wakikuletea keki bila sikukuu, kaa chini kwanza. Alikunywa chai, akaisifu mvua, akaulizia masomo ya Keeley, kisha akasema anauza nyumba. Aliwapa miezi miwili.

"Asante kwa kutuambia mapema," alisema Gaynor, akamkatia kipande cha pili.

Mlango ulipofungwa, Keeley alishuka ngazi macho yamemtoka. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na mitihani yake mikubwa ilikuwa mwaka unaofuata.

"Mama, umemshukuru?"

"Ningefanya nini, nimpige na keki?"

"Ndiyo!" Kisha sauti ikamshuka. "Tunakwenda wapi safari hii? Mimi sihami shule tena, Mama. Nimeshahama mara mbili. Nimechoka kuwa mgeni."

Nyumba ya kupanga waliyoweza kuimudu ilikuwa mbali, kisiwani Sheppey, na kutoka huko shule ya Keeley ilikuwa safari ya kumchosha hata punda. Kununua nyumba nzima ilikuwa ndoto ya mchana. Lililobaki ni jambo aliloliona kwenye tangazo karibu na mto: shirika la nyumba linakuuzia sehemu tu ya fleti, unailipia kwa mkopo wa benki, na sehemu iliyobaki unaipanga kutoka kwao. Gaynor angeweza kupata sehemu mbili kati ya tano.

Alilitoa jambo hilo Jumapili kwa Nigel, mbele ya nyama ya kuokwa na viazi. Nigel alikuwa fundi umeme, mwenye nyumba yake nzima, bustani yake nzima, na maoni mazima juu ya kila kitu.

"Hebu nielewe, dada yangu," alisema, uma hewani. "Unanunua au unapanga?"

"Vyote viwili."

"Basi hiyo ni popo. Si ndege, si mnyama. Bomba likipasuka humo ndani, nani analipa?"

"Mimi."

"Sehemu mbili?"

"Lote."

"Ahaa! Mali nusu, matengenezo mazima! Na ada ya jengo?"

"Ipo. Inaweza kupanda."

"Na kodi ya hizo sehemu zao tatu?"

"Inapanda kila mwaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nizinunue. Nikipata hela naongeza kidogo kidogo."

"Ukipata! Na mimi nikipata nitanunua kasri la mfalme. Weka akiba, Gaynor, usubiri, ununue kitu kizima kama mimi."

"We Nigel ulinunua wakati nyumba na mkate vina bei moja! Na niweke akiba kwa kipi, kwa hicho kinachobaki nikishamlipa mwenye nyumba? Sasa hivi napanga sehemu tano kati ya tano, na kodi inapanda vile vile, na bado nafukuzwa kwa keki. Nusu shari heri kuliko shari kamili."

"Mjomba," Keeley aliingilia, "chumba changu kitakuwa kwenye zile mbili au zile tatu?"

"Wewe utalala mpakani. Uandae pasipoti ya kwenda chooni."

Wote walicheka, na Gaynor alicheka kidogo kuliko wote. Hofu za Nigel zilikuwa zake pia.

Walikwenda kuiona fleti na dalali, kijana mmoja aitwaye Ollie aliyevaa viatu vyenye ncha kama midomo ya korongo. Hapo ndipo Gaynor alipofanya kosa letu la asili. Sisi tumelelewa kwamba ukiingia nyumba ya watu unasifu. Ollie akifungua kabati, Gaynor anasema nzuri sana. Akionyesha dirisha la mtoni, nzuri sana. Darini nje ya bafu palikuwa na doa la maji, la rangi ya chai, kubwa kama sinia. Gaynor aliinua macho akalitazama.

"Nzuri sana," alisema.

Akashukuru, akapeana mkono, akaondoka bila kuuliza swali hata moja.

"Mama," alisema Keeley kwenye lifti, "umelisifu doa."

"Nyamaza."

"Ulipaswa kuliomba namba ya simu kabisa."

Ollie alitaka jibu ifikapo Ijumaa, maana kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakiitaka. Jumatano jioni, mvua ikinyesha, Gaynor alirudi peke yake. Kugonga milango ya watu asiowajua asingethubutu. Kwetu ukigongewa na mgeni unazima taa na kujifanya hupo. Lakini penye mapipa ya taka sheria ni nyingine. Hapo mtu yeyote anaweza kuzungumza na yeyote, na jioni hiyo ilikuwa kabla ya siku ya kuzolewa taka. Akasimama chini ya mwavuli karibu na banda la mapipa kama anayemsubiri mtu.

Alitokea mzee mwenye ndara na koti la mvua, anakokota mfuko. Alimtazama Gaynor, akautazama mfuko.

"Wewe ndiye unayetupa kadibodi bila kukunja?"

"Hapana. Mimi sikai hapa. Nafikiria tu kununua. Ile fleti ya ghorofa ya tatu."

"Unafikiria!" Mzee aliuweka mfuko chini. Aliitwa Des Pocock, fundi wa mabasi mstaafu, wa ghorofa ya pili, na alikuwa amekaa siku nyingi bila kupata sikio. "Basi ngoja nikwambie. Lifti hii, mama, ina homa ya vipindi. Inaumwa, inapona, inaumwa. Ada ya jengo wameipandisha, nikawauliza kwa kipi, wakasema bustani. Bustani ipi? Kile kichaka? Taa ya ngazi ilikaa giza mpaka nikaenda ofisini kwao nikaketi. Nikawaambia siondoki. Wakanipa chai, nikanywa, nikabaki pale pale."

"Na lile doa darini?"

"Bomba la juu hilo! Lilinidondokea mpaka mimi. Nikawapigia, nikawapigia tena, wakaliziba mwezi wa kumi. Kavu kabisa sasa. Ila rangi hawajapaka, wavivu wale. Kesho nawapigia."

Aliendelea hivyo, mvua ikimchuruzika kwenye pua, mpaka Gaynor akaona afadhali aende zake na kumwambia Nigel ameshinda. Akauliza la mwisho kwa adabu tu.

"Sasa kwa nini usiuze, ukahama?"

Mzee alimtazama kama aliyeambiwa auze figo.

"Nihame? Niende wapi? Hapa si kwangu?"

"Kwako kote?"

"Nilianza na sehemu mbili, sasa nina tatu. Lakini kulalamika, mama, nalalamikia zote tano."

Gaynor alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani wivu ulimjaa. Hakuwa na wivu na fleti ya mzee wala sehemu zake tatu. Aliuonea wivu ule mdomo. Mtu mzima amesimama mvuani na ndara, anatukana lifti kwa sauti ya juu, wala hageuki nyuma kuona nani anasikia. Hakuna wa kumletea keki yule.

Alhamisi alimwona mwanasheria, mama mkavu asiyepaka neno asali. Akamwambia ashike hili: akishindwa kulipa kodi ya zile sehemu tatu, anaweza kupoteza hata zile mbili zake. Gaynor alitoka nje. Alikaa kwenye benchi, akapiga hesabu ya kile ambacho afya yake na mikono yake vingeweza kuingiza, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu kuomba zamu ya ziada ya kuwapikia watoto kifungua kinywa. Akapewa.

Ijumaa alimpigia Ollie.

"Nina maswali," alisema. Akauliza ya lifti, ya ada, ya mabomba, na asipotosheka na jibu aliuliza tena. Mwisho akasema, "Na lile doa lipakwe rangi kabla sijaingia."

"Sawa," alisema Ollie. "Kumbe uliliona?"

"Naichukua," alisema Gaynor.

Kununua nyumba kwetu ni mwendo wa kobe, lakini mwenye nyumba naye hakuwa amepata mnunuzi, akakubali kusubiri. Walihamia Ijumaa moja ya Juni. Lifti ilikuwa kwenye vipindi vyake. Nigel alipandisha kochi ghorofa tatu akiguna kila ngazi, "Popo huyu mzito jamani," lakini mkononi alikuja na keekee na pima maji, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Gaynor alifungua lile blanketi ukumbini.

"Kumbe bado unayo," alisema Nigel. "Haya, ukuta upi ni wako?"

"Huu nitakaoupiga."

"Gaynor, huu ni ukuta wa jipsamu, ndani mtupu, unahitaji..."

Gaynor alikwisha kupiga. Msumari ulizama wote na kipande cha ukuta kikamwagika chini, likabaki tundu la kuingiza ngumi.

"Nilete dawa ya mswaki?" aliuliza Keeley.

Walicheka mpaka Nigel akaketi sakafuni. Gaynor alicheka, halafu akajikuta analia, na hakuyaficha machozi. Lilikuwa tundu lake. Hakuna atakayekuja na tochi. Nigel alipata mbao iliyojificha ndani ya ukuta, kando kidogo, akapima, akafunga skrubu, na barometa ikapanda. Gaynor aliigonga kwa kidole. Mshale ukasogea, ukaonyesha kukavu, huku mvua inapiga kioo cha dirisha.

"Inadanganya," alisema Keeley.

"Ilikuwa inadanganya tangu enzi za babu yako," alisema Nigel, na sauti yake haikuwa sawasawa.

Mezani kulikuwa na samaki na chipsi zinapoa. Gaynor hakuketi. Alichukua simu, akazitafuta namba za shirika, akasimama wima chini ya barometa kama anayepigwa picha.

"Habari za mchana. Samahani kwa kukusu..." Keeley aliinua macho kutoka kwenye sahani. "Hapana, siombi samahani. Naitwa Gaynor Tickner. Lifti yangu imeharibika, na nataka kujua mnakuja saa ngapi."