Nani Aliwaua Panzi wa Tabora

Mara ya kwanza kwenda Tabora nilipanda treni Morogoro nikiwa na sanduku la bati, barua ya kazi, na kofia mpya ya kijivu niliyoinunua ili wenyeji wasinione mshamba. Kilosa tulingoja injini nusu siku. Dodoma vumbi liliingia hadi ndani ya mkate. Baada ya Itigi niliamka nikaona miombo upande huu na miombo upande ule, nikadhani treni imesimama tangu jana. Wiki iliyopita barua ilinifuata kwa reli hiyo hiyo, kutoka Tabora kuja huku pwani, nayo ilipitia anwani zangu tatu za zamani kabla ya kunipata, maana mimi sikai mahali. Imeandikwa na mjane. Inasema mtani wangu, fundi wa magari wa mtaa wa Isevya, amefariki na amekwisha kuzikwa, na kwamba siku ya maziko hakuna Mluguru aliyetokea kulizuia jeneza. "Tulitazama barabarani," ameandika, "tukidhani utakuja."

Kwa wasomaji ambao makwao hakuna mambo haya, sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita kwetu kwenda pwani. Mtani haendi msibani kulia. Huenda kuwachokoza wafiwa, hujilaza kaburini akagoma kutoka, hulizuia jeneza njiani na kuyataja maovu ya marehemu kwa sauti, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Kazi hiyo ilikuwa yangu na sikuifanya. Basi leo ninalizuia jeneza hapa gazetini, ingawa limekwisha kupita, na maovu nitakayoyataja si ya marehemu.

Nisingekuwa na hasira hivi kama barua ya mjane ingekuja peke yake. Lakini siku mbili kabla yake nilisoma katika gazeti la Kiingereza maneno ya bwana mmoja aliyekuwa na gereji Tabora, ambaye sasa anapumzika kando ya bahari. Anasikitika kwamba yale magari madogo ya mbio, ya wazi, yenye viti viwili, yaliyokuwa mengi sana katika nchi hii baada ya vita, hayaonekani tena barabarani. Anatoa sababu: mchanga, mawe, umri, na watu wa siku hizi kupenda magari makubwa. Ameandika vizuri, kwa huzuni nzuri. Mtani wangu, aliyekuwa fundi wake, hakumtaja hata kwa neno moja. Nami nikasema, huyu bwana lazima ajibiwe na mtu aliyekuwa akimtunzia stoo ya gereji ile, yaani mimi.

Magari hayo mjini tuliyaita panzi, kwa jinsi yalivyoruka juu ya matuta ya barabara. Walikuwa nao maofisa vijana, walikuwa nao wazungu wa mashamba ya karanga kule Urambo, na siku za sikukuu ungeweza kuwaona panzi kumi na zaidi wamepangwa mbele ya klabu yao, wekundu, wa kijani, wa rangi ya maziwa. Mchanga ulikuwapo, ni kweli, lakini mchanga haukuwaua. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba ndani ya lile bati linalong'aa, panzi alikuwa na mifupa ya mbao. Milango, sakafu, nguzo za kioo, vyote vilishikiliwa na mti wa Ulaya, mweupe na laini, na mchwa wa Tabora waliula mti ule kama mkate. Gari lilikuja gerejini likiwa zuri kwa nje, fundi aliligonga kwa kidole karibu na bawaba, akasikiliza, akasema, "Huyu ameliwa." Kisha alikwenda kwenye rundo lake la mninga uliokaushwa misimu miwili, akachonga mifupa mipya kwa randa na patasi, akaichovya katika mafuta machafu ya injini, akaifunga. Mchwa wakigusa mninga ule walirudi walikotoka. Springi alizikata kutoka za malori mabovu. Panzi wa Tabora waliishi kwa mkono wa mtu huyo, na wenye magari walidhani wanaishi kwa sababu ni magari mazuri.

Siku niliyofika na barua yangu ya kazi fundi alikuwa amelala chini ya panzi mmoja. Alichungulia, akaniuliza kabila langu. Nilipomjibu alitoka, akajifuta mikono polepole, akaja akanivua kofia akaivaa yeye.

"Mluguru," alisema, "babu yangu alipopita kwenu na pembe begani mlimuuzia maji ya mto. Maji ya Mungu. Kofia hii ni ya kiu yake."

Nikamwambia babu yake alikuwa mjinga, alibeba pembe miezi mitatu akarudi na shanga. Akacheka hadi akakaa. Tangu siku ile aliivaa kofia yangu kazini, ikachakaa kwa grisi, na kila nilipoidai alinijibu kwamba kiu haijaisha. Nilikuwa mgeni katika mji ule, na kofia ile kichwani mwake ndiyo iliyonifanya mtu wa Tabora.

Kulikuwa na ofisa mmoja aliyepindua panzi wake barabara ya Igunga. Hakuumia, ila gari lilibaki porini, na mchwa wakalimaliza. Alipohamishwa alikuja gerejini kuaga. Mwenye gereji alikuwa safarini. Tulisimama watu watatu, yeye, fundi na mimi, naye akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Fundi, lile gari langu sasa ni lako." Akampa mkono, akaenda zake. Fundi alilivuta kwa ng'ombe wanne hadi nyuma ya gereji, akaanza kulijenga kila Jumapili, masika mawili na viangazi viwili. Hakuacha ubao hata mmoja wa Ulaya. Nilipomuuliza atakwenda nalo wapi, alisema atampandisha mama yake na kumpeleka Urambo kwao, kwa ile njia ya zamani ya misafara. "Babu aliipita kwa miguu amebeba mzigo wa mtu," alisema. "Mimi nitaipita nimekaa."

Gari lilipowaka, mwenye gereji alitoka ofisini. Alilizunguka mara mbili. Kisha akasema limejengwa ndani ya uwanja wake, kwa vyombo vyake, na mteja aliliacha kwa gereji, hakumwachia mtu. Fundi akasema alipewa, na shahidi yupo. Yule bwana akanigeukia.

"Wewe, stoo. Ulikuwapo. Ulisikia akipewa?"

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeahidiwa nyumba ya gereji, vyumba viwili, bati jipya. Nilitazama bati lile kwa moyo, nikasema, "Sikusikia vizuri, bwana."

Hayo ndiyo maovu yangu. Ya yule bwana yanaendelea. Gari alimpa ofisa mmoja mgeni, ambaye yeye bwana alitaka kumfurahisha. Kabla ya kulitoa aliufungua mlango, akaona mninga, akasema mbao za msituni ni uchafu, hazistahili gari la Kiingereza, na akamwamuru fundi azing'oe zote, zifungwe za kiwandani. Akabandika amri ukutani: kuanzia leo hakitafungwa kipande chochote ila kilichotoka kiwandani. Fundi alizing'oa mwenyewe, ubao baada ya ubao, akazipanga chini kwa ukubwa. Alipomaliza akasema, "Ndiyo, bwana." Halafu akaja dirishani kwangu, akaivua kofia, akaiweka juu ya kaunta.

"Kofia yako, bwana stoo," alisema. "Kiu imeisha."

Tangu hapo hakunitania tena. Alinisalimu vizuri, aliniuliza hali ya nyumbani, aliniita bwana stoo kwa adabu zote. Ninyi msio na watani hamwezi kujua adhabu hiyo. Mtani akikutukana uko salama. Akianza kukuheshimu, amekwisha kukuzika.

Sasa sikiliza, bwana wa kando ya bahari, na kama husomi Kiswahili mwite karani wako akusomee. Panzi waliuawa na amri yako, na fundi wako aliitii. Hakuharibu gari hata moja. Gari liliingia mlango umelegea, akaligonga kwa kidole, akasikiliza, akaja kwangu kuagiza mbao za kiwandani. Mimi niliandika, meli ilileta baada ya miezi, mti ule ule mweupe. Aliufunga kwa usafi kama inavyotakiwa, na mvua zilipokuja mchwa walikuwa wamerudi mezani. Maofisa walikuja kumbembeleza. Mmoja alimwambia, fanya kama zamani, fundi, mimi sitasema. Fundi akamwonyesha ukuta: "Kuna amri, bwana." Hakuinua sauti wala hakutabasamu. Nilimwona siku moja amesimama mbele ya panzi mwekundu ambaye mlango wake ulidondoka chini wenyewe, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuswali. Wa kwanza kufa alikuwa yule aliyemjenga mwenyewe, aliyepewa ofisa mgeni. Sakafu ilikatika kiti kikashuka barabarani. Katika misimu mitatu wote walikuwa nyuma ya reli, juu ya mawe, kuku wakitaga ndani yao. Wenye panzi wakahamia magari mengine, na gereji nyingine. Yako ikafungwa mlango. Nami naungama kwamba kila panzi aliyevutwa kupita dirishani kwangu, nilifurahi.

Nimeishi miji mingi baada ya hapo, na nimeona vitu vingi vikitoweka watu wakisema ni uzee, ni wakati. Siku hizi siamini haraka. Kitu kikitoweka, mimi huuliza kwanza ni mkono wa nani uliokuwa ukikishikilia, na ni nani aliyeutukana.

Gereji ilipofungwa, nyumba ya bati jipya ilikwenda pamoja nayo. Nikafunga sanduku langu. Siku ya kuondoka Tabora nilimkuta fundi stesheni amesimama peke yake kwenye kivuli cha ghala, amevaa kanzu safi. Sikujua kama amekuja kwa ajili yangu. Nilipanda, nikatoa kichwa dirishani, nikavua ile kofia yenye grisi yake nikamnyooshea. Aliitazama muda mrefu. Hakuipokea. Akasogea karibu, treni ikaanza kutikisika.

"Ulisikia?" aliniuliza.

"Nilisikia," nikamjibu. "Alisema, lile gari sasa ni lako."

"Vizuri sana, bwana stoo. Sasa umwambie na aliyekuuliza."

Treni ikaondoka. Nilikaa na kofia mapajani hadi Itigi, sikuweza kuivaa.